Mali ya Watu: Siku Saba Jamaica Nikiwafuata Mawakili wa Mashamba

Alhamisi, 27 Julai 2023. Kingston

Nimetua na begi moja badala ya mawili. Lile la pili limebaki njiani pamoja na vitenge vya zawadi, na mtu wa kaunta ameniambia litakuja kwa sauti ile ile ambayo fundi wa kwetu hukwambia "njoo kesho." Mwenyeji wangu, mwanasheria mstaafu tuliyefahamiana kwenye mafunzo miaka mingi iliyopita, amecheka tu, akanipeleka nyumbani na kunitandikia kitanda.

Kazi yangu ni mirathi. Ofisi yangu ya Dar es Salaam ni chumba kimoja na nusu, na wateja wangu wengi ni wasimamizi wa mirathi: kaka mkubwa, shangazi, mjomba aliyeteuliwa kwenye kikao cha ukoo. Ninawajazia fomu na kuwakumbusha tarehe, na nawaonya wasiuze kiwanja kabla ya wakati. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma usiku habari za mashamba ya miwa ya Jamaica, na walionivuta hawakuwa matajiri wenyewe. Ni wale walioachiwa funguo: wakili, wasii aliyetajwa kwenye wosia, mnyapara, karani. Watu wa kazi kama yangu.

Chakula cha usiku kilikuwa ackee, tunda linalopikwa kama mboga, na samaki wa chumvi, na shelisheli la kuchoma. Kwa mtu wa Tanga shelisheli si geni, ila hapa lina historia yake: nahodha Bligh aliileta miche kutoka Tahiti mwaka 1793 ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha watumwa. Samaki naye ni wa hesabu hiyo hiyo. Aliletwa kwa mapipa kutoka Amerika ya Kaskazini, mkavu kama ng'onda, akaandikwa kwenye daftari la matumizi pamoja na misumari. Leo ackee na samaki huyo ndicho chakula cha taifa, na ni kitamu kweli.

Kabla ya kulala, ujumbe kutoka Muheza. Mzee mmoja, mteja wangu, anasimamia mirathi ya mdogo wake, na ile miezi sita ya kuwasilisha orodha ya mali mahakamani inakwisha wiki ijayo. "Mwanangu wakili, na ng'ombe naye anaandikwa?" Nimemjibu: shikamoo mzee, kila kitu kinaandikwa.

Ijumaa, 28 Julai. Spanish Town

Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya kisiwa mpaka 1872, serikali ilipohamia Kingston. Uwanja wa katikati bado una fahari ya kizee: sanamu ya admirali Rodney ndani ya kibanda cheupe, na upande wa pili uso wa nyumba ya magavana, uso mtupu, maana nyuma yake moto wa 1925 haukubakiza kitu. Nyaraka za taifa ziko hatua chache kutoka hapo. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Mhudumu ameniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, akasema mimi ni Mtanzania wa kwanza kwake. Akaniletea nilichoomba juu ya mto wa sifongo kama mtoto mchanga.

Nianze na jina. Kwa Kiingereza cha Jamaica ya karne ya 18, mtu tunayemtafsiri leo "wakili" hakuwa mtu wa mahakamani. Alikuwa mwenye hati ya uwakilishi: mwenye shamba anakaa Uingereza, yeye yuko kisiwani, anaagiza, anauza, anaajiri na kufukuza kwa jina la tajiri wake. Kiswahili hakihitaji maelezo hapo, kwa kuwa wakili wetu wa zamani wa pwani alikuwa huyo huyo, mshika mali ya mwenzake kabla hajawa mvaa joho.

Chini ya wakili alikuwepo mnyapara mkuu anayekaa shambani, ambaye watumwa walimwita *busha*, na Wajamaika bado wanalo neno hilo. Chini ya busha walikuwepo vijana weupe, wengi wao Waskoti, walioitwa watunza vitabu. Hawakutunza kitabu chochote. Walishika funguo za ghala, walisimama juani nyuma ya wakata miwa, na msimu wa mavuno walikesha kwenye nyumba ya kuchemshia sukari. Mshairi Robert Burns mwenyewe alikuwa ameshapanga kuja kufanya kazi hiyo mwaka 1786, mashairi yake yakauzika, akabaki kwao. Na chini kabisa ya ngazi alisimama msimamizi ambaye naye ni mtumwa, mshika mjeledi wa siku.

Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yangu. Kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba palikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu, na hao wawili kwa kawaida walikuwa watumwa wenyewe. Babu mzaa bibi alikuwa nokoa Pemba, au ndivyo ilivyonong'onwa. Bibi alilitaja neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Sasa vitabu. Mwaka 1740 bunge la kisiwa lilipitisha sheria: yeyote anayeendesha shamba la mtu asiyekuwepo, awe wakili, wasii, mlezi wa yatima au mdai aliyeshika rehani, alete kila mwaka hesabu ya mazao na kuiapia. Nia haikuwa kumlinda mtumwa. Ilikuwa kumlinda mwenye mali na wadai wake dhidi ya kuibiwa na mtu wao wenyewe. Ndiyo maana vitabu hivi vipo, safu kwa safu: mapipa ya sukari, mapipa ya ramu, ng'ombe waliouzwa, na mapato ya watu waliokodishwa kwa jirani. Nimevipitia kwa saa tatu, na ninakiri jambo la aibu. Saa ya kwanza nilivutiwa. Mwandiko mzuri, jumla zinakubaliana, kiapo kipo, tarehe ipo. Laiti wateja wangu wangeleta hesabu za namna hii.

Ila kuna hila ndani yake ambayo mtu wa mirathi anaiona upesi. Malipo ya wakili kwa kawaida yalikuwa asilimia 6 ya mauzo yote. Ya mauzo, si ya faida. Shamba likipata hasara kwa sababu watu wamekufa na wengine wamenunuliwa kwa mkopo, yeye fungu lake halipungui alimradi mapipa yametoka. Barua ya kulalamika kutoka Uingereza huchukua miezi kufika na jibu miezi mingine kurudi. Na wakili mmoja aliweza kushika mashamba kumi au zaidi, akila fungu kila mahali.

Mchana nikaomba vitabu vya orodha za mirathi. Mtu akifa, wasii wake analeta watu wa kuthamini, wanapita chumba kwa chumba, kisha zizini, kisha mashambani. Nilijua nitakachokikuta. Ukurasa wa kwanza viti, saa ya ukutani, vijiko vya fedha. Ukurasa wa pili majina ya watu, kila jina na bei yake mbele, wanaume kwanza, halafu wanawake, halafu watoto. Wazee mara nyingi wana sifuri. Baada ya watoto wanafuata nyumbu na ng'ombe, mwandiko ule ule, wino ule ule, pasi na mstari wa kutenga.

Nimejaza orodha za mirathi pengine mia nne maishani mwangu. Mkono ulijua safu hizo kabla macho hayajasoma. Kwetu tunamwonya msimamizi: hiyo ni mali ya watu, usiichezee. Nilikaa na maneno hayo ya Kiswahili, mali ya watu, nikaona kwamba lugha yetu inazisema maana zote mbili kwa pumzi moja: mali iliyo ya watu, na watu walio mali.

Jumamosi, 29 Julai. St Thomas

Begi limefika. Kitenge kimoja kimelowa mafuta ya nywele. Basi.

Tulipotoka mjini mwenyeji alipunguza mwendo mbele ya Vale Royal, makazi rasmi ya waziri mkuu. Zamani paliitwa Prospect Pen, nyumba ya Simon Taylor. Huyu ndiye wakili wa mawakili. Alizaliwa 1740 huku huku Jamaica, mtoto wa mfanyabiashara, akasomeshwa Eton, Uingereza, akarudi kushika mashamba ya rafiki yake Chaloner Arcedeckne aliyekuwa Uingereza. Kwa asilimia zake alinunua mashamba yake mwenyewe, na alipokufa mwaka 1813 alikuwa pengine tajiri kuliko wote kisiwani, akiwa na watumwa zaidi ya 2,000. Kwa hiyo usifikiri wakili alikuwa mtu mdogo wa kutumwa. Mwenye shamba anakula posho London, wakili analala na ufunguo wa bunge la kisiwa mfukoni.

Barabara ya pwani inajengwa upya. Vumbi jeupe, mashine, foleni, wauza nazi changa wakipita dirishani (dafu wanalikata kwa panga hewani, sijaona hata Forodhani). Morant Bay tulisimama kidogo pale mahakama ilipochomwa mwaka 1865, Paul Bogle na watu wake walipochoshwa na haki ya mahakimu wenye mashamba. Hiyo ni miaka 27 baada ya watumwa kuwa huru kabisa. Inastahili safari yake peke yake.

Lyssons, alikozikwa Taylor, tulikula samaki ufukweni. Kisha tukaendelea mpaka bonde la mto Plantain Garden, penye Golden Grove, lile shamba la Arcedeckne. Bonde ni tambarare na lina rutuba ya kutisha, milima imelizunguka kama mikono. Sasa ni migomba mingi. Barua za Taylor kwa rafiki yake zimehifadhiwa, na jambo linalosumbua ndani yake ni kwamba hakuwa mjinga wala hakuwa mvivu. Aliona wazi kwamba mnyapara anayefukuzia mapipa mengi anawamaliza watu, na alilalamika juu ya hilo. Hakulia kwa ajili yao. Aliandika kama mtu anayelalamika dereva anaua injini.

Bonde hilo hilo lina Hordley. Lilikuwa kwa sehemu la Matthew Lewis, mwandishi wa Kiingereza wa hadithi za kutisha, aliyerithi mashamba mawili kutoka kwa baba yake na, tofauti na wengi, akapanda meli kuja kuyaona. Alikuja 1816 akaenda Cornwall, shamba lake la magharibi, akakataza mjeledi, majirani wakanuna. Miaka miwili baadaye akarudi, akafika Hordley. Kwa barua za wakili wake alikuwa ameamini kwamba hapo pametulia kama peponi. Alikuta watu wanamlilia, na weusi na weupe wakitupiana lawama.

Katikati ya safari hizo mbili Lewis alifanya jambo ambalo mimi, kwa ugonjwa wangu wa kazi, naliona zuri kuliko riwaya zake. Agosti 1816, akiwa kando ya ziwa Geneva, aliongeza kipengele kwenye wosia wake: yeyote atakayerithi mashamba haya lazima kila mwaka wa tatu akae Jamaica miezi mitatu, ajionee. Waliotia saini kama mashahidi ni washairi Byron na Shelley, na daktari Polidori. Hakuwaacha watu huru. Alijaribu kutibu umbali, kana kwamba umbali ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Alikufa kwa homa ya manjano baharini mwaka 1818 akirudi kwao.

Jioni, mzee wa Muheza tena. Amehesabu michungwa 112. Kuna mmoja uko mpakani na jirani, auandike?

Jumapili, 30 Julai. Kuelekea magharibi

Mwendo wa saa tano barabarani. Huku wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo mwenyeji amenikabidhi usukani kuanzia Mandeville, na nimetoboa tairi kabla ya Santa Cruz. Kijana amelibadilisha akiimba nyimbo za kanisani. Baada ya hapo mianzi imefunga barabara juu kama pango la kijani, na Middle Quarters wanawake wanauza kamba wadogo wenye pilipili ndani ya mfuko wa nailoni. Nimekula wote peke yangu. Tumelala Savanna-la-Mar. Leo sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 31 Julai. Savanna-la-Mar hadi Falmouth

Asubuhi tumetembea mpaka kwenye ngome ya kale ufukweni, ambapo sasa watoto wanaogelea. Mji wenyewe uliwahi kufagiliwa na bahari, kimbunga cha Oktoba 1780.

Nimekuja hapa kwa sababu ya busha mmoja. Thomas Thistlewood alitoka Lincolnshire akafika kisiwani mwaka 1750, akawa mnyapara wa shamba lililoitwa Egypt, kando ya mabwawa ya mji huu, chini ya tajiri aliyeitwa John Cope. Kwa miaka 37 aliandika shajara karibu kila siku, kurasa zaidi ya 10,000. Mvua. Mbegu alizopanda. Vitabu alivyosoma. Nani kachapwa. Nani kabakwa, na hapo aliandika Kilatini kibovu, kwa ufupi, pamoja na mahali ilipofanyika. Adhabu alizozibuni mwaka 1756 sitazinukuu. Zimekwisha andikwa mara ya kutosha, kwanza na yeye mwenyewe.

Ninachotaka kukiandika ni mirathi yake, kwa kuwa hakuna anayekaa nayo. Thistlewood aliishi miaka mingi na mwanamke aliyeitwa Phibbah. Phibbah alikuwa mtumwa wa Cope, si wake, na kwa miaka Thistlewood alimkodi kutoka kwa Cope. Phibbah akawa na mali yake ndogo, akamkopesha pesa hata Thistlewood. Walizaa mtoto wa kiume, akaachwa huru, akafa kijana. Thistlewood alipofariki mwaka 1786 wosia wake uliwaagiza wasii wamnunue Phibbah kwa £80 na kumwacha huru, kisha wampe £100 za kujijengea nyumba. Hati ya uhuru ilitoka 1792.

Mtu akiniletea wosia wenye agizo dogo kama hilo, na mwenye kuuza yupo, na pesa zipo, nitamwambia ni kazi ya miezi michache. Ila najua pia mirathi inavyokwenda. Deni kwanza, wasia baadaye, warithi mwisho: hiyo ndiyo sheria yetu, na ya Waingereza haikuwa mbali. Sheria ya bunge lao ya 1732 ilisema wazi kwamba katika makoloni, ardhi na watumwa vinaweza kukamatwa kulipia deni la marehemu. Maana yake, bwana angeweza kufa akiwa amemwandikia mtu uhuru kwa mkono wake, na wasii, bila chuki yoyote, akamuuza mtu huyo sokoni kwa sababu muuza vitambaa wa Bristol hajalipwa. Na angekuwa wasii mwema. Daftari lake lingefunga sawasawa.

Miwa bado ipo katika eneo hili la Westmoreland, mashamba makubwa mpaka upeo wa macho, na kiwanda cha Frome ambapo wafanyakazi waligoma na kupigwa risasi mwaka 1938. Tumeyapita, tukapita Montego Bay penye sanamu za Sam Sharpe na wasikilizaji wake. Huyu ni mhubiri Mbaptisti, mtumwa, aliyepanga watu wasimamishe kazi baada ya Krismasi ya 1831 mpaka walipwe ujira. Mashamba yakawaka, wenye mamlaka wakanyonga watu zaidi ya 300, na Sharpe mwenyewe Mei 1832. Tumepita pia Rose Hall, jumba linalouza tiketi kwa hadithi ya bibi mchawi aliyewaua waume zake. Magari ya watalii yalijaa. Bibi mchawi ni mzuri kwa biashara, maana akishakuwa mchawi mmoja, karani na wakili wanatoka kwenye hadithi wakiwa wasafi.

Falmouth tumefika jua likizama. Usiku kama huu, 31 Julai 1838, mchungaji William Knibb na waumini wake walikesha kanisani hapa, na usiku wa manane wakazika jeneza lenye mnyororo, mjeledi na kola ya chuma. Leo nje ya kanisa hilo kulikuwa na watu kama ishirini, viti vya plastiki, na mama mmoja akigawa chai ya tangawizi. Nilipewa kikombe kabla sijaulizwa jina.

Jumanne, 1 Agosti. Good Hope, Trelawny

Siku ya Ukombozi, sikukuu ya taifa. Mwenyeji wangu amekataa kuja. Amesema siku ya leo hakanyagi nyumba ya bwana yeyote, atabaki hotelini apike mbaazi na wali (mbaazi zile zile zetu, kwa nazi ile ile). Nimekwenda na dereva wa kukodi.

Good Hope iko juu ya mto Martha Brae, nyumba ya mawe kwenye kilima chenye upepo. John Tharp aliinunua mwaka 1767, akaongeza shamba juu ya shamba mpaka akawa na karibu watu 3,000. Mwaka 1798 alijenga hospitali ya watumwa, ya mawe, kubwa. Leo bondeni kuna kamba za watalii kuruka juu ya miti wakipiga kelele za furaha.

Kijana aliyetutembeza alijua samani zote. Nilimuuliza baada ya Tharp kufa mwaka 1804 nani aliendesha. Akacheka: "Wanasheria."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Tharp aligombana na watu wa nyumbani mwake, akaruka kizazi, akamwachia mali mjukuu. Mjukuu alipokua ikaonekana hana akili timamu, na mahakama ikathibitisha hivyo. Kwa miongo mingi mashamba ya Trelawny yakawa mikononi mwa wasii, mawakili, wanyapara na mahakama, kwa faida ya mtu aliyekaa Uingereza asiyeweza kusema ndiyo wala hapana.

Nimekaa kwenye ukuta wa hospitali nikaifikiria kesi hiyo kama ningeletewa mimi. Tuseme wasii mmojawapo aliota usiku, akaamka anataka kuwaacha huru watu wote. Angeweza? Mali si yake. Mwenye mali hawezi kuridhia. Kuigawa bure ni khiyana, warithi watamshitaki, na hakimu yeyote, hata mimi ningekuwa hakimu, angemkuta na hatia. Nimefundishwa tangu chuoni, kabla ya chuo kikuu, chuo cha mkekani kwa maalimu, kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Aya hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kazi hii. Na hapa uaminifu kwa yatima mmoja ulikuwa ndio komeo la watu maelfu.

Mwaka 1833 bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa lilitenga fidia ya £20 milioni. Fidia kwa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupata kitu, isipokuwa miaka minne zaidi ya kazi ya lazima, 1834 hadi 1838, iliyoitwa uanagenzi. Fomu za madai zilijazwa na wenye mali, na pia na wasii, walezi, wadai wa rehani, kila mmoja akieleza anadai kwa niaba ya nani: wajane, yatima, mapadri, watu ambao hawakuwahi kuona muwa. Serikali ilikopa ili kulipa, na mabaki ya mkopo huo yakamalizika kulipwa mwaka 2015. Mwaka huo mimi nilikuwa nimeshafungua ofisi.

Kurudi hotelini nilikuta sahani yangu imefunikwa. Mwenyeji aliuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia nimeona hospitali. Akasema, "Hata mimi gari langu nalipeleka gereji."

Jumatano, 2 Agosti. Spanish Town tena

Tumeondoka alfajiri, saa kumi na moja, ili niwahi nyaraka kabla ya ndege ya usiku. Leo nimeomba rejesta za watumwa, zile zilizoanza 1817. Kila mwenye kuwashika watu alitakiwa kuwaandika: jina, rangi, umri, kama amezaliwa Afrika au kisiwani, na safu ya mwisho ya maelezo. Kila baada ya miaka mitatu aliandika nyongeza na upungufu. Anaapa kwa cheo chake: mwenyewe, au wakili wa fulani, au wasii wa marehemu fulani.

Sikutafuta mtu maalumu. Nilifungua na kusoma majina kwa sauti ya chini, mhudumu akaniangalia, akaniacha. Safu ya maelezo ndiyo iliyonishika. Kwa waliozaliwa kisiwani mara nyingi karani ametaja mama: mwana wa fulani, binti wa fulani. Aliyaandika kwa ajili ya ushahidi, ili ionekane mtoto amezaliwa kisiwani, hakuingizwa kwa magendo. Sasa Wajamaika wanakuja hapa na penseli zao kutafuta mama wa bibi ya bibi, na wanampata kwenye mwandiko wa wasii. Meza ya pili kulikuwa na mama na binti yake wakifanya hivyo. Walipofika ukurasa wanaoutaka, binti alipiga makofi mara moja, akajishika mdomo.

Simu ikatetemeka mfukoni, nikatoka nje kibarazani. Dar ilikuwa jioni.

"Mwanangu wakili, samahani kukusumbua ugenini."

"Hapana mzee, shikamoo."

"Marahaba. Fomu nimemaliza. Michungwa nimeandika 111, ule wa mpakani nimeuacha. Sasa hapa kwenye ng'ombe. Kijana wa karani anasema niandike *ng'ombe mmoja, jike*. Lakini marehemu alimpa jina. Anaitwa Kisura. Naandika Kisura au naandika ng'ombe?"

Nilikaa kimya mpaka akadhani laini imekatika.

"Haloo? Wakili?"

"Nipo, mzee. Andika vyote viwili."

"Na bei?"

"Na bei."

Nikarudi ndani kuzifunga rejesta. Mhudumu alizichukua moja moja kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimemaliza, nikamwambia bado kidogo, akanirudishia ile ya juu.